Kisu hakikati: kabla hujalaumu chuma

Meza yangu ya kunolea iko hatua chache kutoka mnada wa samaki wa Deep Sea, hapa Tanga, na neno ninalolisikia kila siku ya Mungu ni hili: "Fundi, hiki kisu wameniuzia bati." Nakipokea, nakigeuza juani, nakipitisha kwenye ukucha. Mara nyingi si bati. Chuma hakina neno. Kilichoharibika ni ukingo wa nusu milimita ambao mwenyewe kauharibu kwa sahani, kwa mashine, au kwa kunoa kwenye ngazi ya saruji. Lakini zipo siku ambazo kweli ni bati, na mtu kalipa pesa yake kwa ajili ya maandishi yaliyochorwa ubavuni.

Nazungumzia visu visivyokunjwa vya bei ya kawaida: vya kupaa na kupasua samaki, vya jikoni, vya shambani. Nitakwenda kwa dalili, maana mteja haji na jina la chuma, huja na ugonjwa.

Kinapasua samaki wawili, wa tatu kinateleza

Hapa ndipo penye kazi, kwa sababu dalili ni moja na magonjwa ni kadhaa.

Anza na jicho. Elekeza makali juu, kwenye jua au taa, uyatazame kwa urefu wake. Makali mazima hayaonekani, hayana upana wa kurudisha mwanga. Ukiona nukta au mstari unameremeta, hapo pamebutuka au pamejikunja. Kisha yaegeshe juu ya ukucha wa dole gumba, bila kukandamiza, uvute kisu taratibu. Pale yanapong'ata ukucha ni mazima, pale yanapoteleza yamekufa.

Ugonjwa wa kwanza mimi nauita unyuzi. Ukinoa upande mmoja, chuma chembamba cha ukingoni hujipinda kwenda upande wa pili. Usipokiondoa, kisu kinatoka kwenye kinoo kikinyoa hata vinyweleo vya mkono, mwenyewe anafurahi, kumbe anakatia unyuzi. Akifika kwa changu wa pili unyuzi umelala na kisu kimekufa naye. Kuujua ni rahisi: pitisha kidole kutoka mgongoni kwenda nje, kivuke makali (usikipitishe kufuata urefu wa makali, utajichanja), upande mmoja kisha mwingine. Upande wenye unyuzi unakwaruza. Dawa yake ni mkono mwepesi. Mwisho wa kunoa, piga mara moja kulia, mara moja kushoto, kwa uzito wa kisu chenyewe tu, mara kumi hivi. Halafu futa kwenye upande wa ndani wa mkanda wa ngozi, mgongo ukitangulia. Wanaoniambia "nikinoa mwenyewe hakidumu" karibu wote wanaponea hapo.

Ugonjwa wa pili hauko kwenye kisu, uko mezani. Kupasulia samaki juu ya vigae vya kauri, juu ya saruji au juu ya sahani ni kupigana na kitu kigumu kuliko chuma chako. Kauri haina huruma. Na ajabu yake, kauri hiyo hiyo inayoua makali ndiyo inayoweza kuyafufua: pindua kikombe, ule mduara mkavu wa chini usiopakwa rangi inayong'aa ni kinoo laini kabisa, kinatosha kurudisha makali yaliyolegea katikati ya kazi. Ubao wa mti ndio mahali pa kisu. Nimeona mpaa samaki aliyebadilisha meza tu, kisu kile kile cha elfu nne, akaacha kuja kwangu kila siku. Hasara kwangu, lakini ndiyo kweli.

Ukishauondoa unyuzi, ukakata juu ya mti, na bado makali yanalala ndani ya dakika chache, sasa unaweza kukishuku chuma. Chukua tupa ndogo yenye meno makali, iguse kwenye ukingo karibu na mpini, mahali usipopatumia. Halafu iguse kwenye msumari wa kawaida. Ikiwa tupa inauma kisu kwa raha ile ile inavyouma msumari, una bati mkononi. Kisu kizuri cha jikoni kitaliwa kidogo tu, kwa kusitasita. Kisu kigumu sana kitaifanya tupa iteleze kama kwenye kioo.

Maandishi ubavuni na siri yake

"Stainless steel" peke yake ni sawa na kuandika "samaki" kwenye ndoo. Samaki gani? Tafuta namba, kisha zisome. Nyingi zinasomeka bila kwenda shule ya vyuma.

Visu vingi vya China huandikwa 3Cr13, 5Cr15MoV, 8Cr13MoV. Tarakimu ya mwanzo igawe kwa kumi, hiyo ni kaboni kwa asilimia. Namba inayofuata Cr ni kromi. Basi 3Cr13 ina kaboni kama asilimia 0.3 na kromi kama 13, na 8Cr13MoV ina kaboni kama 0.8. Kaboni ndiyo inayokiwezesha chuma kuwa kigumu, kromi ndiyo inayokizuia kutu. Wajerumani huandika X50CrMoV15: hapo 50 ni kaboni asilimia 0.5, na 15 ni kromi. Hicho ndicho chuma cha visu vingi vya wapishi duniani, na kwa samaki sijaona sababu ya kudharau chuma hicho. Wamarekani kwa vyuma visivyo na kromi ya kutosha huweka kaboni kwenye tarakimu mbili za mwisho: 1095 ni asilimia 0.95, 1070 ni 0.70, na 5160 ni 0.60. Hiyo ya mwisho ni jamii ya springi za magari.

Namba 440, stenlesi ya Kimarekani, ina mtego wake. Inakuja kwa herufi A, B na C, na kaboni inapanda kutoka karibu 0.7 kwenye A hadi karibu 1 kwenye C. Muuzaji akikwambia "ni 440" halafu herufi haipo, hesabu kuwa ni A. Na 420 ni ndugu mdogo, mara nyingi kaboni yake ni kama 0.3 tu. Hakipati kutu kirahisi, kinanoleka hata kwenye jiwe la mtoni, na makali yake hayafiki adhuhuri.

Kejeli ya stenlesi ni ya zamani. Harry Brearley alipoyeyusha chuma kisichoshika kutu mjini Sheffield, Uingereza, mwaka 1913, akitafuta chuma cha mitutu ya bunduki, watengeneza visu wa mji huo walimcheka kwamba amevumbua kisu kisichokata. Waliokuwa wakicheka walikuwa bado hawajajua kukipika.

Na kupika ndiko kwenyewe. Namba ya chuma ni unga tu, mpishi mbaya atakutolea ugali mbichi kwa unga mzuri. Chuma huwashwa hadi kiwe chekundu, kikachovywa ghafla, kisha kikarudishwa kwenye joto dogo ili kisiwe kikavu kama kioo. Kampuni yenye jina ikikupa 5Cr15MoV iliyopikwa vizuri, itaishinda 8Cr13MoV iliyopikwa ovyo. Ndiyo maana tupa inasema kweli kuliko maandishi: maandishi yanataja unga, tupa inaonja ugali.

Kuna jambo la sumaku ambalo lazima nilitaje. Kijana mmoja wa Sahare alikuja na sumaku aliyoitoa kwenye spika mbovu. Kafundishwa kwamba stenlesi halisi haishiki sumaku, basi kapita dukani akipima, na kisu pekee kilichokataa sumaku ndicho alichonunua. Akanunua kibaya kuliko vyote. Stenlesi isiyoshika sumaku ni jamii ya masufuria na masinki, chuma ambacho hata ukikiwasha na kukichovya mara mia hakigeuki kuwa kigumu. Stenlesi ya kisu hushika sumaku. Nilimwambia, "Mwanangu, hicho kakatie keki." Hakucheka.

Kimetoka kwa mwenye mashine, ukingoni kina rangi ya bluu

Mashine ya kusagia inakula chuma haraka, na inatoa joto haraka zaidi. Kwenye chuma cha kaboni, yaani kisicho na kromi ya kutosha, rangi inakueleza joto lilikofika: manjano hafifu kama majani makavu ni kama nyuzi 230, bluu ni kama 300. Kisu kilichorudishiwa joto dogo kiwandani kikikutana na bluu, ugumu wake pale ukingoni umeshuka, na kunoa hakuurudishi. Dalili yake ni kwamba kilikuwa kizuri miaka miwili, kikapelekwa kwenye mashine siku moja, tangu hapo hakikai.

Dawa ni kusaga mpaka sehemu ya bluu iishe, taratibu, kwenye kinoo cha maji, milimita moja au mbili, mpaka ufikie chuma kizima. Ni kazi ya saa nzima na unapoteza upana. Na usihadaike ukiona hakina rangi. Mwenye mashine akisugua na msasa, rangi inatoka, udhaifu unabaki. Kama lazima mashine, kipande kiwe kinachovywa kwenye ndoo ya maji kila baada ya mguso mmoja, na vidole viwe peku. Vidole vikiona moto, kisu kimeshauona zamani.

Nanoa mpaka mkono unauma, hakishiki makali

Paka wino wa kalamu nene kwenye ukingo, pande zote mbili, noa mara tatu tu, tazama. Wino ukitoka juu, karibu na bapa, na ukingoni umebaki, umelaza kisu mno, unasugua mabega. Ukitoka kwenye ncha ya ukingo tu, umekiinua mno. Tisa kati ya kumi wa vijiwe vya kunoa wanasugua mabega.

Kipimo cha mwinuko hakihitaji chombo. Kisu chenye upana wa sentimita 3, inua mgongo kama sentimita 1 kutoka kwenye kinoo, umepata takriban nyuzi 20 kwa kila upande. Hiyo inafaa kisu cha kazi zote. Cha minofu kishushe kidogo, milimita 8 hivi. Panga la shambani lipandishe hadi nyuzi 25, kwa sababu linapiga, halikati.

Wino ukisema uko sawa na bado hakishiki, tazama kinoo chako na chuma chako pamoja. Vyuma vyenye kaboni na kromi nyingi kama D2 vina chembe ndani yake ngumu kuliko chuma chenyewe. Hizo ndizo zinazofanya makali yadumu, na hizo hizo zinakikataa kinoo cha bei rahisi. D2 ina kaboni asilimia 1.5 na kromi 12, na nimeletewa kisu chake ambacho mwenyewe alikuwa anakisugua kwenye jiwe la kawaida wiki nzima. Alikuwa anang'arisha. Aliyenunua kisu cha namna hiyo anunue na kinoo cha almasi, la sivyo achague chuma cha kaboni 0.5 hadi 0.7 ambacho kinoo cha pande mbili cha duka la vifaa vya ujenzi kinakimudu. Mimi mwenyewe nyumbani natumia hicho cha pili, na kazi yangu ni kunoa.

Makali yanameguka kama biskuti

Tofautisha kwanza. Makali yaliyojikunja yanang'aa na kuyumba kama wimbi, yaliyomeguka yana mapengo yenye kona kali. Kujikunja ni ulaini au wembamba. Kumeguka ni ukavu, au kazi isiyo ya kisu hicho: kupasulia kichwa cha nguru kwa kisu cha minofu, kukoboa nazi, kuchokonoa chaza mwambani.

Ukavu tunauona sana kwenye visu vya kuchonga mitaani. Mhunzi akitengeneza kisu kwa springi, unapata chuma kivumilivu, kaboni karibu 0.6, na kinasamehe makosa. Akitengeneza kwa tupa kuukuu, hapo kuna kaboni inayozidi 1, na tupa huachwa kiwandani katika ukavu wake wote, maana kazi yake si kupinda. Mwaka wa kwanza wa kazi hii nilijichongea kisu cha tupa, nikakinoa kikawa wembe, nikawaonyesha watu. Kikaniponyoka mezani, kikatua kwenye saruji, kikawa vipande viwili. Sikukirudishia joto. Ningekiweka kwenye oveni ya mikate nyuzi 200, saa moja, kikapoa, kikarudi saa nyingine, ningekuwa nacho leo. Basi ukinunua kwa mhunzi, muulize mambo mawili: kimetoka kwenye nini, na amekirudishia joto vipi. Anayejua kazi atakujibu kwa rangi. Asiyejua atakuapia.

Kutu

Tanga kutu haihitaji kualikwa. Kisu kikining'inia karibu na bahari, chumvi ya hewani tu inatosha. Lakini kutu zina sura mbili, na dawa yake si moja.

Chuma cha kaboni kinapata kutu nyekundu ya juu juu, ya kutandazwa. Ukikiwahi, majivu na ndimu vinaiondoa. Suuza, kausha, paka mafuta ya nazi kidogo. Mafuta ya mashine usiyapake kwenye kisu cha chakula. Rangi ya kijivu au buluu iliyokolea inayokuja baada ya kukata vitunguu na maembe si ugonjwa. Ni ngozi, inakilinda kidogo, iache. Wanawake wengi wananiletea kisu nikisugue "kiwe cheupe", nami nawasihi wasiivue nguo yake.

Stenlesi haitandazi, inatoboa. Chumvi inavunja ile ngozi nyembamba ya kromi mahali pamoja padogo, kisha inachimba. Unaona nukta nyeusi, ukisugua panabaki shimo. Shimo likiwa ukingoni, hapo makali yana pengo hata kabla hujakata. Sababu kubwa ninazozikuta ni kukiacha ndani ya ndoo ya maji ya bahari mpaka kesho, kukilaza kwenye ala ya ngozi kikiwa kibichi, kukiosha kwa maji makali ya klorini, na kukisugua kwa stilwaya ya kawaida, ambayo inaacha chembe za chuma juu yake na chembe hizo ndizo zinazoshika kutu. Maji baridi ya bomba na kitambaa kikavu kila mwisho wa kazi, basi. Na aliyekwambia stenlesi haipati kutu alikuuzia neno. Kuanzia kromi asilimia 10.5 hivi chuma huitwa stenlesi, na kromi iliyofungwa na kaboni haihesabiki kwenye ulinzi. Ndiyo maana D2 yenye kromi 12 hupata madoa huku 5Cr15MoV ya bei ndogo ikimeta.

Kwa hiyo kazi ndiyo ichague. Mpaa samaki na muuza machungwa ya Muheza wachukue stenlesi ya kaboni 0.5 hadi 0.6, maana chumvi na tindikali ya tunda ni adui wa kila siku, na tena chuma cha kaboni kinaacha ladha ya chuma kwenye chungwa. Mkata mkonge naye anakutana na utomvu wenye tindikali, unaowasha ngozi na kula chuma. Mkonge uko nasi tangu 1893 na bado mikono inauogopa. Lakini kule shambani kisu kinahitaji kunolewa mara kumi kwa siku kwa tupa, na hilo linanifanya nipendekeze chuma cha kaboni cha 1070 au springi, kikafutwe kila jioni. Kama una ndugu anayetoka Ulaya na unataka kisu kimoja cha kutembea nacho chomboni, visu vya Mora vya Sweden ni rahisi kwa kiwango chao na vinakuja kwa aina zote mbili. Omba cha stenlesi, 12C27, kaboni 0.6 na kromi 13.5. Kinanoleka kwa kinoo chochote.

Mpini unacheza

Msuka, yaani ule mkia wa chuma unaoingia ndani ya mpini, ndio unaoshika kila kitu. Kwenye visu vingi vya bei rahisi ni mwembamba kama kijiti na mfupi kama dole, umebanwa kwa plastiki. Maji ya chumvi yanaingia, msuka unaoza ndani usipoona, siku moja bapa linabaki kwenye samaki. Ukicheza kidogo, usigongelee. Uchomoe kabisa, sugua kutu, kausha juani, jaza gundi ya sehemu mbili, urudishe, uache usiku kucha. Mpini wa mti wenye ribiti, ribiti zikilegea, gonga juu ya kichwa cha nyundo nyingine, mapigo madogo.

Dukani kabla hujalipa, shika mpini kwa mkono mmoja na ncha kwa kitambaa, kipinde kidogo. Kikipinda na kurudi, vizuri. Kikipinda kikabaki, ni laini. Kikilia "tk" ndani ya mpini, mrudishie mwenye duka. Na angalia kwa jicho moja kutoka kisiginoni hadi ncha. Kisu kilichopinda tangu kiwandani hakuna fundi wa Tanga atakayekinyoosha kwa pesa kidogo kuliko uliyonunulia.